Kuriseti rejista za prosesa pepe ndani ya haipavaiza: si kujaza sifuri (uzi mrefu)

#1 pwani_ya_kusini (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa Chuno, Mtwara mjini. Jambo nililonalo ni dogo kwa jina lakini limetula wiki tatu: namna ya kurudisha rejista (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa) za prosesa pepe kwenye hali yake ya mwanzo pale mashine pepe inapojiwasha upya. Naliandika kwa kirefu ili atakayekwama kesho asianze pale tulipoanzia sisi.

Tuko vijana wanne, tunakutana Ligula kila Jumamosi kujifunza mifumo endeshi kwa kuiandika. Tangu msimu wa korosho uliopita tunaandika haipavaiza ndogo (programu inayoendesha mashine pepe) kwa lugha ya C juu ya KVM, ile sehemu ya kuendesha mashine pepe iliyoingia kwenye keneli ya Linux toleo la 2.6.20 mwaka 2007. Kazi yenyewe ni hivi: unafungua /dev/kvm, unaomba mashine, unaipa memori, unaomba prosesa pepe, halafu kila prosesa unaipa thredi yake (mkondo wa utekelezaji) inayozunguka kwenye KVM_RUN, amri ya kumkimbiza mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe. Yetu ina prosesa mbili. Inawaka SeaBIOS (fimwea, yaani programu ya kwanza ya mashine), inakuja Linux, inauliza jina na nywila. Siku ilipofika hapo kwa mara ya kwanza tulienda ufukweni Shangani kula pweza.

Ila ukiiamuru ijiwashe upya, inakufa. Haipavaiza inapokea KVM_EXIT_FAIL_ENTRY, na sababu inayoandikwa ni 0x80000021. Wanaoendesha seva za mashine pepe namba hiyo wanaifahamu. Biti ya 31 inasema kuingia kwa mgeni kumeshindikana. 0x21, yaani 33, inasema hali ya mgeni si halali. Prosesa ya Intel, kabla ya kumkabidhi mgeni usukani, inakagua yote yaliyoandikwa kwenye VMCS, muundo unaobeba hali ya mgeni. Kasoro moja tu, haimwingizi.

Kosa lilikuwa kwenye msimbo wangu. Mgeni alipoomba kuwashwa upya (kwetu anaandika 0xFE kwenye poti 0x64, njia ya zamani ya kidhibiti cha kibodi) mimi nilichukua miundo ya rejista, nikaijaza sifuri kwa memset, nikaweka CS na RIP (zinazosema agizo la kwanza liko wapi), nikairudisha kwa KVM_SET_REGS na KVM_SET_SREGS. Niliamini kwamba prosesa iliyotoka kuwashwa ni tupu.

Si tupu hata kidogo. Hii ndiyo hali ya x86 (prosesa za Intel na AMD) baada ya RESET:

RIP ni 0xFFF0. CS ina selekta (namba ya segmenti, yaani kipande cha memori) 0xF000, lakini sehemu yake ya siri, yaani anwani ya msingi, ni 0xFFFF0000 na si 0xF0000 kama kanuni ya kuzidisha selekta kwa 16 inavyodai. Jumlisha: agizo la kwanza linasomwa 0xFFFFFFF0, baiti 16 tu chini ya GiB 4. Fimwea lazima iwe imepangwa hapo. Segmenti nyingine zina msingi 0 na kikomo 0xFFFF. GDTR na IDTR msingi 0, kikomo 0xFFFF. EFLAGS ni 0x2, kwa sababu biti ya 1 huwa moja daima. CR0 ni 0x60000010, maana yake kashe imezimwa. DR6 ni 0xFFFF0FF0, DR7 ni 0x400. EDX ina utambulisho wa prosesa, familia na modeli. XCR0 ni 1. MSR (rejista maalum ya mfumo) ya PAT ni 0x0007040600070406. APIC, kidhibiti cha ukatizo, iko 0xFEE00000 ikiwa imewashwa, na prosesa ya kwanza pekee ndiyo yenye biti ya kusema "mimi ndiye kiongozi", kwa hiyo MSR yake inasomeka 0xFEE00900 na ya mwenzake 0xFEE00800.

Kilichotuua sisi ni haki za segmenti. Ukijaza sifuri, CS inakuwa segmenti isiyokuwepo na isiyo ya msimbo. VT-x (uwezo wa Intel wa kuendesha mashine pepe) inaitaka iwe na haki halali kama 0x9B, na segmenti za data kama 0x93. Hata TR, rejista ya kazi inayoendelea, ambayo mgeni wa biti 16 hana habari nayo, VT-x inataka iwe hai na iwe ya aina ya TSS iliyo kazini, kama 0x8B. Mimi nilikuwa nimeiachia sifuri.

Sasa linalochanganya zaidi: kuna RESET na kuna INIT, na si kitu kimoja. Huku kwetu ningesema INIT ni kupogolea mkorosho, RESET ni kung'oa na kupanda mche. INIT inarudisha rejista za kawaida, segmenti na CR nyingi kwenye thamani za mwanzo, lakini inaacha rejista za XMM na x87, MTRR, saa ya TSC na yaliyomo kwenye kashe kama yalivyokuwa. Kwenye CR0, biti za CD na NW, zile za kuzima kashe, RESET inaziwasha. INIT inaziacha zilivyo. Ukimpa mgeni CR0 ya RESET wakati alituma INIT, utamzimia kashe bila yeye kuomba.

INIT ndiyo inayotumika kuamsha prosesa za pili. Kwa utaratibu wa asili wa Intel, keneli ya mgeni inatuma INIT, inasubiri milisekunde 10, inatuma SIPI (ujumbe wa kuianzisha), inasubiri mikrosekunde 200, inatuma SIPI nyingine. SIPI imebeba namba ya ukurasa. Ikiwa 0x9A, prosesa ya pili inaanza na CS 0x9A00 na IP sifuri, yaani anwani 0x9A000. Kabla ya SIPI haitakiwi kufanya lolote, imelala inasubiri.

Karibuni.

#2 mnada_wa_kwanza (Newala)

Mkuu asante kwa darasa. Swali: kama ulikuwa unajaza sifuri, mbona mara ya kwanza ilikuwa inawaka?

#3 pwani_ya_kusini

Swali zuri kaka, na ndilo lililotupoteza siku nyingi. Mara ya kwanza hatukugusa kitu. KVM_CREATE_VCPU yenyewe inaipitisha prosesa mpya kwenye RESET kamili ndani ya keneli. Sisi tulikuta kila kitu kimepangwa tukadhani ni asili ya mambo.

Hapo ndipo tulipopata dawa ya kwanza. Mara tu baada ya kuunda prosesa, kabla haijakimbia, tunasoma KVM_GET_REGS na KVM_GET_SREGS na kuhifadhi. Mgeni akiomba kuwashwa upya tunarudisha nakala ile. Ukiiprinti nakala utaona vipande vinavyounda 0x9B ya CS kwa macho yako, na EDX 0x600, thamani ambayo KVM inaweka ikiwa bado hujaipa CPUID, orodha ya sifa za prosesa.

Angalizo kwa wenye mashine za zamani sana: VT-x ya kabla ya kizazi cha Westmere cha mwaka 2010 haikumruhusu mgeni kukimbia bila jedwali za kurasa. KVM ilikuwa inaendesha msimbo wa biti 16 kwa ujanja wa modi ya virtual-8086. Kwenye mashine hizo makosa ya segmenti yanaonekana kwa sura nyingine, msishangae.

#4 fundi_ngapa (Lindi)

Shikamoo mwanzisha uzi. Mimi niko Ng'apa hapa Lindi. Nimejaribu njia ya nakala kwenye programu yangu. Prosesa moja inawaka upya bila shida. Nikiweka mbili, mara inawaka, mara inaganda kabisa, na gdb (kifaa cha kuchunguza makosa) inaonyesha thredi yangu kuu imekwama ndani ya ioctl (wito kwa keneli) ya KVM_SET_REGS. Haitoki. Nimeiacha usiku kucha, asubuhi iko palepale.

#5 pwani_ya_kusini

Marahaba ndugu yangu. Umefika kwenye shimo letu la pili, nalo ni refu kuliko la kwanza.

Kila prosesa pepe ndani ya KVM ina kufuli. KVM_RUN ikiwa inakimbia, kufuli iko mikononi mwa thredi ile, na ioctl yoyote ya prosesa hiyo kutoka thredi nyingine inasubiri mlangoni. Prosesa yako ya pili haina kazi, imetekeleza HLT, agizo la kulala. Kama APIC iko ndani ya keneli, HLT inashughulikiwa hukohuko. KVM_RUN hairudi kwako. Thredi kuu inasubiri kufuli, mwenye kufuli amelala anasubiri ukatizo, na wa kuutuma ukatizo huo ni mgeni yuleyule uliyemsimamisha. Ndiyo maana wakati mwingine inapita: mgeni akiamshwa na saa yake kisha akagusa kifaa kinachohitaji programu yako, KVM_RUN inatoka kidogo na wewe unapenya.

Kanuni tuliyoikubali: mwenye kuziandika rejista ni thredi inayoiendesha prosesa ile, si mwingine. Maelezo ya KVM yenyewe yanaelekeza kwamba ioctl za prosesa pepe zitolewe kutoka thredi iliyoiunda. Kwa hiyo:

Thredi kuu inaweka alama "kuna riseti" kwenye kila prosesa. Inaweka immediate_exit kuwa 1 kwenye ukurasa wa kvm_run wa kila moja. Kisha inatuma signali, sisi tunatumia SIGUSR1, kwa kila thredi. KVM_RUN inarudi na EINTR, yaani imekatizwa. Thredi inaona alama, inasimama kwenye kizuizi. Zote zikishasimama, kila moja inajiandikia nakala yake, zinasubiriana tena, ndipo zinarudi kwenye KVM_RUN.

Usiiache ile immediate_exit ukadhani signali inatosha. Signali ikifika baada ya thredi kuangalia alama lakini kabla haijaingia KVM_RUN, imepotea, na prosesa inaingia kulala. Tulipata hilo takriban mara moja katika kila majaribio hamsini, na kosa la namna hiyo linachosha kuliko linalotokea kila mara.

Kizuizi cha pili nacho kina sababu. Prosesa ya kwanza ikitangulia kuanza fimwea kabla ya pili kujirudisha, inaweza kuituma INIT kwa prosesa ambayo bado ina rejista za maisha yaliyopita.

Halafu kuna hali ya MP, inayosema kama prosesa inakimbia au inasubiri. Baada ya kuundwa, prosesa namba 0 iko KVM_MP_STATE_RUNNABLE, na nyingine ziko KVM_MP_STATE_UNINITIALIZED. Usipoirudisha ya pili kuwa UNINITIALIZED kwa KVM_SET_MP_STATE, itaanza kukimbia fimwea sambamba na ya kwanza, wapishi wawili kwenye chungu kimoja. Rudisha pia LAPIC (APIC ya kila prosesa) kwa KVM_SET_LAPIC, baada ya SREGS kwa sababu anwani ya APIC inakaa humo. Na safisha KVM_SET_VCPU_EVENTS: kama kulikuwa na ukatizo au eksepsheni iliyokwisha pangwa kuingizwa, itamwangukia mgeni mpya kwenye agizo lake la kwanza kabisa, hajaweka hata jedwali la kuupokea.

#6 fundi_ngapa

Mkuu, naenda kurekebisha. Nitarudi.

#7 mnada_wa_kwanza

Nje kidogo ya mada. Mimi naandika moja kwa moja juu ya VT-x bila KVM, nako kuna jambo la TLB, kashe ya tafsiri za anwani. Ukitumia VPID (lebo ya kila prosesa pepe), tafsiri za anwani hazifutwi mgeni anapotoka na kuingia. INIT inazima CR0.PG (biti ya kuwasha kurasa), lakini tafsiri za zamani zenye lebo ya VPID ileile bado zipo. Mgeni akiwasha kurasa tena anakuta ramani ya marehemu. Nilihangaika nalo mpaka nikaongeza INVVPID, agizo la kufuta tafsiri hizo, ndani ya msimbo wa INIT.

#8 pwani_ya_kusini

Hiyo si nje ya mada hata kidogo, mkuu. Sisi KVM inatubebea hilo. Asante sana.

#9 binti_mikindani (Mtwara)

Habari zenu kaka zangu. Nimo kwenye kikundi cha Ligula na mwanzisha uzi, naomba nieleze shimo la tatu kwa sababu nililifuatilia mimi.

Baada ya kurekebisha yote ya #5, kuwasha upya kwa amri ya kawaida kulikuwa safi. Tukaandika skripti inayorudia mara mia. Safi. Kisha nikajaribu kuwasha upya kwa nguvu, yaani `echo b > /proc/sysrq-trigger`. Hapo keneli mpya ilikuwa inaanza vizuri, halafu baada ya sekunde chache inapasuka, kila mara mahali tofauti. Leo kwenye mfumo wa faili, kesho kwenye orodha ya michakato. Rejista zote nilizilinganisha na nakala, zilikuwa sawa moja baada ya nyingine.

Nikaacha rejista, nikaangalia memori. Kila mahali palipoharibika pana upana wa baiti 32, na ndani yake kuna namba inayopanda. Ni saa.

Linux ikiwa mgeni ndani ya KVM inatumia kvmclock. Inaandika kwenye MSR 0x4b564d01 anwani ya kipande cha memori yake, na mwenyeji (mashine halisi, kupitia KVM) anakuwa anaandika muda hapo. (Herufi za mwanzo za namba hiyo, 4b 56 4d, ni K, V, M.) Linux ikizima kwa adabu, inaifuta MSR hiyo kabla ya kuondoka. Ikizimwa kwa nguvu, haipati nafasi. Nakala yetu ilikuwa na REGS na SREGS, MSR hatukuzigusa. Basi mwenyeji aliendelea kuandika saa kwenye anwani ileile, wakati keneli mpya imeshaweka hapo vitu vyake. Ni kama konda wa basi la Dar anayeendelea kushusha mzigo kwenye nyumba ambayo mwenyewe alishahama. Mpangaji mpya anaamka anakuta magunia sebuleni.

Kilichonichelewesha ni kwamba uharibifu ulitoka kwenye prosesa 0 tu. Prosesa ya pili ilikuwa salama, kwa sababu yenyewe inapokea INIT kutoka kwa keneli mpya, na KVM ikiipitisha kwenye INIT inaizima pia kvmclock yake. Prosesa ya kwanza haitumiwi INIT na mtu. Riseti yake yote iko mikononi mwetu.

Dawa: tunachukua orodha kwa KVM_GET_MSR_INDEX_LIST, tunasoma zote mwanzoni, tunazirudisha wakati wa riseti. Kwa uchache kabisa msisahau 0x4b564d01, 0x4b564d02 ya async page fault (taarifa kwamba ukurasa wa memori bado unasubiriwa), na 0x4b564d03 ya muda ulioibwa (ambao mwenyeji aliinyima prosesa pepe). Zote tatu zinampa mwenyeji anwani ya kuandikia ndani ya memori ya mgeni. Ni swali ambalo sasa namuuliza kila rejista: je, wewe umebeba anwani ambayo mtu mwingine ataiandikia?

#10 pwani_ya_kusini

Wakuu, alichoandika dada hapo juu kilimchukua siku tisa, na siku mbili kati ya hizo umeme ulikuwa unakatika kila jioni. Naomba mkisome mara mbili.

#11 mnada_wa_kwanza

Nimekisoma mara mbili. Heshima kwako dada.

Swali la mwisho kutoka kwangu: nina Raspberry Pi 4, nataka kuhamishia kazi huko. ARM, aina ya prosesa iliyomo humo, nako kuna RESET na INIT?

#12 binti_mikindani

Asante kaka. ARM ni kwepesi zaidi kwa maoni yangu, ingawa sijaiandika kwa ukamilifu.

Hakuna INIT wala SIPI. Mgeni anaita PSCI, kiolesura cha kuwasha na kuzima prosesa: CPU_ON inabeba prosesa inayolengwa, anwani ya kuanzia na neno moja la muktadha. Prosesa inayoamshwa inaanza na PC kwenye anwani hiyo, neno la muktadha likiwa x0, MMU (kitafsiri cha anwani) imezimwa, na PSTATE 0x3c5, yaani EL1 (ngazi ya keneli) na ukatizo wote umefungwa. Kuriseti kutoka upande wa haipavaiza ni kuita KVM_ARM_VCPU_INIT tena kwa sifa zilezile za mwanzo. Zile za pili unazipa KVM_ARM_VCPU_POWER_OFF zisubiri CPU_ON. Mgeni akiomba mfumo mzima uwashwe upya unapokea KVM_EXIT_SYSTEM_EVENT.

Ila lile la #5 liko huko pia. Ndani ya KVM ya ARM, anayeita CPU_ON haziandiki rejista za mwenzake. Anaacha ombi lenye anwani na muktadha, na prosesa inayolengwa inajiriseti yenyewe ikianza kukimbia. Rejista za prosesa iliyo kazini zinaweza kuwa zimepakiwa kwenye chuma chenyewe. Ukiandika nakala ya memori, zikishushwa zinafuta ulichoandika.

#13 pwani_ya_kusini

Niongeze la AMD kwa kifupi maana kuna aliyeniuliza pembeni. SVM, VT-x ya AMD, inatumia VMCB badala ya VMCS, lakini thamani za RESET kwa mgeni ni karibu zilezile. Tofauti kubwa ni SEV-ES, ulinzi wa AMD unaomficha mgeni. Huko rejista za mgeni zimesimbwa, na haipavaiza haina uwezo wa kuziandika. Kwa hiyo riseti ya aina hii tunayoijadili haiwezekani. Matoleo mengi ya QEMU (programu maarufu ya kuendesha mashine pepe) yakiombwa kuwasha upya mgeni wa namna hiyo yanasema prosesa haziwezi kurisetiwa na yanafunga. Inabidi uunde mashine pepe upya kabisa.

#14 fundi_ngapa

Wakuu nimerudi. Nimeweka kizuizi, immediate_exit, hali ya MP, LAPIC, matukio, na MSR zote kutoka kwenye orodha. Prosesa mbili, kisha nne. Skripti inabadilisha: safari moja kwa adabu, safari moja kwa nguvu.

Nilianza saa mbili usiku. Saa nne ikaganda, safari ya 131. Nikakuta orodha yangu ya MSR ilikuwa ndefu kuliko nilivyojua: KVM_SET_MSRS inarudisha idadi ya zilizoandikwa, na inasimama kwenye ya kwanza inayokataliwa. Mimi sikuwa naiangalia idadi hiyo. Moja katikati ilikataa kuandikwa, na zote zilizofuata, kvmclock ikiwemo, hazikuguswa. Nimeitoa ile inayokataa, na sasa nalinganisha idadi kila mara.

Nimeanza tena saa tano. Saa hii ninapoandika, adhana ya alfajiri imeshalia huku Ng'apa, iko safari ya 744 na bado inaendelea.

#15 binti_mikindani

Kaka, ile iliyokataa ni ipi? Tuandikie namba yake hapa, na sisi tukaangalie kama tunaikagua idadi.